Banda la punda na malalo yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji wa Dodoma

Majibu haya yanamlenga mtu mwenye punda wawili watatu, toroli moja na maji ya kununua kwa dumu. Mwenye farasi naye atapata yake humu, maana kazi ni ileile. Kinachobadilika ni ukubwa wa mnyama.

Mbona mnasema punda tu, farasi vipi?

Kanda ya Kati farasi ni wa kuhesabu. Sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa ya mbung'o, na ugonjwa wa ndorobo wanaoueneza humwangusha farasi haraka. Halafu kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na vijidudu vidogo vinavyouma jioni na alfajiri, na farasi wengi wanaoupata hufa. Punda akiambukizwa huo, mara nyingi huwezi hata kujua. Ndiyo maana madumu, kuni na magunia ya Dodoma yako mgongoni kwa punda.

Lakini utaratibu wa kutunza banda lenye malalo, yaani nyasi za kumlazia mnyama, ulikomazwa zaidi na watu wa farasi, Uingereza na kwingineko, karne nyingi kabla ya magari. Mengine tutayachukua kwao. Yasiyofaa huku tutayasema hayafai.

Banda lisafishwe mara ngapi?

Kila siku asubuhi, punda wakishatoka. Kwa punda wawili ni kazi ya robo saa. Ukiruka siku tatu inakuwa kazi ya nusu siku, na utaifanya kwa hasira.

Kazi yenyewe ya asubuhi inakwendaje?

Toa wanyama wote nje kwanza. Kusafisha huku punda amesimama katikati ni kumzunguka, na utakapopita nyuma yake ndipo nzi atamuuma.

Anza na mavi. Ya punda mwenye afya ni vidonge vikavu, yanaokoteka kwa reki bila kubeba nyasi nyingi. Watu wengi huishia hapo, wakalitazama banda, wakaridhika. Kazi ndiyo kwanza inaanza.

Chukua uma, sukuma nyasi zote safi zikae kwenye kuta. Zisukume kidogo kidogo, ukizitikisa, ili vumbi na vidonge vilivyojificha vianguke. Zikishahama, chini utakuta sehemu moja au mbili ambazo nyasi zake zimeshikamana kama mkeka, zina rangi ya chai, na ukizifunua pumzi inakatika. Huo ndio mkojo. Juu palionekana pakavu kabisa. Ondoa yote mpaka sakafu ionekane, hata kama nyasi mbili tatu nzuri zitaondoka nayo.

Sababu ni hii. Mkojo una urea, na bakteria wa sakafuni huigeuza kuwa amonia. Hewa hiyo huwa nyingi chini, palepale punda anapoweka pua akilala, na huchoma koo na mapafu yake. Wewe unayeingia mara moja umesimama hupati kipimo chake halisi. Ukitaka kukipata, chuchumaa dakika moja ukiwa umefunga mlango.

Baada ya hapo fagia kwa fagio la vijiti, uache sakafu wazi mchana kutwa na mlango wazi. Dodoma tuna jua na upepo wa bure, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, na hakuna dawa ya banda inayovishinda viwili hivyo. Jioni kabla punda hawajarudi, rudisha nyasi za ukutani katikati, kisha mimina mpya juu yake.

Je, nioshe sakafu kwa maji?

Usioshe. Maji ni ghali, na sakafu ya udongo ukiilowesha unaianzishia tope. Banda la huku linasafishwa kikavu. Kwenye saruji unaweza kuosha mara moja moja wakati wa kiangazi, asubuhi mapema, ili pakauke kabla ya jioni.

Nitajuaje kwamba malalo yanatosha?

Wazee wana kipimo kimoja, na watu wa farasi wa Ulaya wanacho hichohicho. Kijana mmoja upande wa Mvumi alikuwa amemaliza kutandika, babu yake akaja kukagua.

"Babu, pakavu hapa."

"Umejuaje?"

"Si napaona?"

"Haya, piga goti."

Kijana akapiga goti, akainuka na doa la maji kwenye suruali. Babu akamnyooshea uma, akaondoka.

Kipimo cha pili ni unene. Bonyeza malalo kwa kiganja. Ukigusa sakafu, ongeza. Kwenye sakafu ya udongo nusu shibiri ya nyasi zilizoshindiliwa inafaa. Kwenye saruji weka shibiri nzima, kwa kuwa ni ngumu na usiku wa Juni na Julai ni baridi.

Cha tatu mwulize punda mwenyewe. Asubuhi mtazame ubavu na nyonga: akiwa na vipande vya nyasi kwenye manyoya, alilala. Punda anaweza kusinzia amesimama, lakini usingizi mzito anaupata akiwa amelala chini. Ukiona wiki nzima ubavu ni msafi kama umepigwa brashi, ama malalo yako hayafai, ama ana maumivu, ama kuna mwenzake anayemfukuza.

Nitandike nini? Vitabu vinasema majani ya ngano.

Ni kweli Uingereza waliyapenda ya ngano kuliko mengine. Shayiri ina ndevu zinazochoma ngozi, na majani ya oti farasi huyala yakaisha. Ya ngano yako katikati: hayachomi, hayana ladha ya kutamanisha, na mabua yake yana uwazi ndani kwa hiyo mkojo unashuka chini na juu panabaki pakavu. Lakini ngano yetu inalimwa Hanang na mikoa ya nyanda za juu. Kulipia lori lilete majani ya kukojolewa Dodoma ni kuchezea hela.

Kwa huku, la kwanza ni majani ya mpunga kutoka Bahi. Baada ya mavuno yanabaki marundo kwenye majaruba, na ukienda na mkokoteni wako ukaongea na mwenye shamba vizuri, bei yake ni ndogo au ni kusaidiana. Ni laini, yanafyonza, na punda hayakimbilii sana kuyala.

Nyasi za porini zinafuata, kwa sharti moja: zichambue mbigili. Mbigili moja kwenye malalo utaisikia wewe kwenye ndala, na punda ataisikia kwenye kiwele au kwenye mapaja. Zikatwe zikiwa zimekauka lakini hazijaanza kupukutika, maana za Septemba zimeshakuwa vumbi.

Mabua ya mtama na uwele ndiyo tuliyo nayo kwa wingi, na ndiyo yanayotumika vibaya zaidi. Watu huyamwaga mazima. Gamba la bua halifyonzi kitu, na likivunjika linakuwa na ncha. Yaponde kwa mchi, au yamwage zizini ng'ombe wayakanyage siku kadhaa, ndipo uyatumie. Mimi ningeyaweka kama tabaka la chini tu, mkojo upite, halafu juu nyasi au majani ya mpunga. Hapo yanafanya kazi nzuri kuliko kitu chochote cha kununua. Yasiwe na machipukizi mabichi ndani yake: mtama unaochipua upya baada ya kukatwa huwa na sumu ya sianidi.

Pumba za mpunga zinafyonza lakini ni vumbi, zinaingia puani na machoni, na upepo wa Agosti unazihamishia kwa jirani.

Maranda ya kwa seremala?

Yanafaa sana yakiwa maranda hasa, yale ya randa. Unga wa msumeno ni vumbi, uache. Mwulize fundi mbao ilikuwa na dawa au rangi, na kama hajui, usichukue. Pitisha mkono au sumaku kutafuta misumari. Pia ujue kwamba maranda yanachelewa kuoza, hivyo samadi yake inataka muda mrefu zaidi kabla ya kwenda shambani.

Na maganda ya karanga? Hapa yamejaa.

Yamejaa kweli, hasa Kongwa, ambako Waingereza walianzisha ule mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947 ukawashinda. Maganda makavu na mapya yanaweza kutandikwa. Tatizo ni ukungu. Karanga na mahindi ya ukanda huu vina historia ya sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumu hiyo. Punda anayelala juu ya maganda atayatafuna pia. Yakiwa yamenyeshewa, yana harufu ya uvundo au yana unga wa kijani au mweusi, yachome.

Mahindi yaliyoota ukungu ni mabaya vilevile. Yapo yenye sumu inayoshambulia ubongo wa farasi na punda: mnyama anazunguka, anagonga ukuta, anakufa ndani ya siku chache. Magunzi mabovu yasiingie bandani hata kwa bahati mbaya.

Punda wangu anakula malalo. Nimzuie vipi?

Usimzuie. Tumbo la punda limeumbwa kwa nyasi ngumu na anataka kutafuna karibu muda wote. Mwekee chakula chake jioni kwenye kihori, ale ashibe, na anachookota usiku kwenye malalo hakitamdhuru kama ni kisafi. Kinachoua ni kamba za plastiki za kufungia mizigo na vifungashio. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini tembea nyuma ya soko lolote uone kama plastiki imekwisha. Ikijikunja tumboni, utumbo unaziba.

Nimesikia Ulaya wanaacha malalo miezi mingi bila kutoa. Si ni rahisi zaidi?

Wapo wanaofanya hivyo. Kila siku wanaokota mavi, wanaongeza nyasi juu, na godoro lile linapanda mpaka mwisho wa majira ya baridi ndipo linatolewa lote kwa uma na jasho. Chini linachacha na kutoa joto, na joto hilo ndilo wanalolitaka wao. Sisi saa saba mchana banda la bati liko moto tayari. Ukiongeza joto la chini unawatengenezea nzi nyumba na punda anakosa hewa. Siushauri Dodoma.

Kuna desturi nyingine ambayo ingetufaa kuliko hiyo. Uajemi, nchi kavu kama yetu, farasi walilazwa juu ya samadi iliyoanikwa juani mpaka ikakauka kabisa, ikapondwa na kutandazwa. Kila asubuhi ilitolewa ikaanikwa tena. Haina harufu ikiwa kavu, inafyonza vizuri, na haigharimu kitu. Kwa mfugaji wa Bahi au Chemba mwezi wa Septemba, nyasi zimekwisha, hilo ni jambo la kujaribu. Mvua ikianza, sahau.

Nikimwaga majivu au chokaa harufu si inaisha?

Ukimwaga juu ya mkojo mbichi, harufu inazidi. Majivu na chokaa vyote vina asili ya magadi, na magadi huifukuza amonia itoke kwenye unyevu iingie hewani. Ondoa kwanza mkojo, acha pakauke, ndipo upake chokaa kidogo au majivu yaliyopoa kwenye sakafu tupu kwa ajili ya viroboto na utitiri, kisha funika kwa nyasi. Chokaa isiguse ngozi ya mnyama, inababua.

Kwa kunyonya unyevu tu, udongo mkavu uliochekechwa unatosha.

Sakafu ya udongo au saruji?

Udongo wa kichuguu, ukipondwa, ukaloweshwa kidogo na kushindiliwa kwa tabaka, unakuwa mgumu kama sakafu ya kupuria nafaka. Hauumizi miguu na hautelezi. Kasoro yake ni kwamba unakunywa mkojo taratibu, kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua chimba pale penye mkojo, toa udongo uliobadilika rangi, jaza mpya. Mwenye uwezo aweke mawe yaliyobanana. Wagiriki wa kale walishauri hivyohivyo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, wakisema sakafu yenye unyevu na utelezi huharibu hata kwato nzuri.

Vyovyote iwavyo weka mteremko, kama sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mlangoni au kwenye mfereji. Kwa nafasi, mita 3 kwa 3 zinawatosha punda wawili wanaoelewana.

Masika nifanyeje?

Hapo ndipo banda la Dodoma linapofeli. Miezi saba hatuoni tone, tunajisahau, Desemba inakuja na mvua ya saa moja inayogeuza zizi kuwa kidimbwi. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi. Akinyeshewa analowa hadi ngozi na anatetemeka. Kwa hiyo Novemba yote iwe ya maandalizi: bati lipigiliwe, na kama ni banda la paa la udongo mtindo wa tembe, udongo wa juu uongezwe na nyufa zizibwe. Chimba mfereji kuzunguka kwa nje. Inua kizingiti.

Siku za mvua mfululizo sakafu haikauki, hivyo ongeza tabaka la mabua yaliyopondwa chini na utoe nyasi zilizolowa asubuhi na jioni. Siku jua likichomoza, anika nyasi zote nje juu ya uzio, zigeuze mara moja, zirudishe.

Nyasi nizihifadhi wapi? Mchwa wanamaliza.

Juu ya uchanja, mita moja au zaidi kutoka ardhini, nguzo zikipakwa oili chafu chini na majivu yakimwagwa kuzunguka. Kagua nguzo kila wiki. Ukiona njia ya udongo inapanda, ifute. Ukivuta nyasi tumia uma, si mkono. Nge na nyoka wanapenda rundo hilo kama wewe unavyopenda kivuli. Na jiko, kibatari au sigara visikaribie.

Nzi hawaishi ingawa banda ni safi.

Basi rundo la samadi liko karibu mno, au halihamishwi. Nzi wa kawaida wakati wa joto hutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10. Ukiondoa rundo bandani kila wiki, funza hawawahi. Yupo pia nzi wa mazizini anayeuma miguu, ambaye huzaliana kwenye nyasi mbichi zilizochanganyika na mkojo. Ukiona punda anapiga miguu chini bila kuacha, tafuta kona uliyoisahau, mara nyingi ni chini ya kihori.

Uchafu wote huo niupeleke wapi?

Mkulima wa zabibu atakushukuru. Hombolo na Mpunguzi samadi inatafutwa, maana mzabibu wa Dodoma unavunwa mara mbili kwa mwaka na unachosha ardhi. Lakini usipeleke mbichi, inabeba mbegu za magugu na mayai ya minyoo.

Nchi za mvua hurundika juu ya ardhi. Huku chimba shimo, kwa kuwa rundo la juu linakaushwa na upepo kabla halijachacha. Kina cha mita moja, upana upendao, kivuli kikiwepo. Changanya mavi na nyasi zenye mkojo, mwagia maji ya kuoshea vyombo, funika kwa majani. Choma fimbo katikati, iache dakika tano, ichomoe uishike. Iwe ya moto kiasi cha kutaka kuiachia. Ikifika nyuzi 55 na kuendelea, mayai ya minyoo na mbegu nyingi zinakufa. Geuza kila baada ya wiki tatu nne ili ya pembeni yaingie katikati. Miezi minne au zaidi baadaye inakuwa nyeusi, inanukia udongo.

Kwato zinanuka, ni malalo?

Mara nyingi ndiyo. Ile sehemu laini ya pembetatu chini ya kwato inaoza mnyama akisimama kwenye unyevu, inatoa ute mweusi. Kwangua uchafu kila siku kuanzia kisiginoni kwenda mbele, na ukaushe banda. Akichechemea, mwite afisa mifugo.

Watoto wanaweza kufanya kazi hii?

Wanaweza, wakiwa na viatu vilivyofunika mguu. Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na mavi ya punda, na msumari mmoja unatosha. Aliyechomwa aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Punda naye anaugua pepopunda, kwa hiyo misumari iliyochomoza bandani igongwe irudi.

Nifunge mlango usiku?

Funga, kwa fisi na kwa wezi. Biashara ya ngozi ilifanya punda waibiwe sana, mpaka Umoja wa Afrika Februari 2024 ukapiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Lakini acha nafasi ya hewa juu ya ukuta pande mbili. Banda lililozibwa kote linakusanya amonia hata likisafishwa.

Punda wangu anakaribia kuzaa. Malalo yabadilike?

Yabadilike. Mimba ya punda ni kama miezi 12, inaweza kuzidi, kwa hiyo usisubiri tarehe. Subiri chuchu zivimbe. Toa malalo yote, fagia, acha pakauke, tandika nyasi ndefu mpya shibiri nzima. Maranda na pumba usiweke, vinanata kwenye kitovu kibichi na puani mwa mwanapunda. Aliyekuwa akilala naye mwache jirani, waonane, maana punda akitengwa na mwenzake anahangaika hata kula anaacha.

Akishazaa, pakaza kitovu dawa ya ayodini, toa nyasi zilizolowa, ongeza kavu. Zalio, yaani kondo la nyuma, litoke ndani ya saa tatu. Likitoka, litandaze uone kama ni zima, kisha lizike mbali mbwa wasilifukue. Likipita muda huo halijatoka, usilivute. Mpigie afisa mifugo.